Kuiuliza Meli Yenyewe

Katika ujenzi wa meli kuna siku moja isiyo na shamrashamra. Siku ya kushushwa majini ina viongozi, utepe na ngoma. Siku hii huja baadaye, injini zikiwa zimeshafungwa, rangi imeshakauka na viti vimeshapigwa skrubu sakafuni. Asubuhi na mapema, upepo ukiwa haujaamka, watu wachache huingia melini na timazi, rula, ndoo za mafuta na daftari. Ngazi ya gatini huondolewa. Kamba zinazoifunga meli hulegezwa mpaka zining'inie. Kila aliyebaki ndani huonyeshwa mahali pake na kuambiwa asitembee. Kisha mzigo wa chuma ambao uzito wake umepimwa na kuthibitishwa huhamishwa kutoka katikati ya sitaha hadi ubavuni, na chombo kizima cha tani elfu moja huinama kidogo, kiasi ambacho mpita njia gatini asingekitilia maanani.

Ndani, uzi wa timazi umesogea upana wa kiganja. Katika upana huo limo jibu la swali ambalo maisha ya kila abiria yatalitegemea kwa miaka thelathini ijayo: meli hii ikisukumwa, itarudi?

Hili ni jaribio la kuinamisha meli. Halina mitambo ya kustaajabisha, na hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Hata hivyo, kila ninapolitazama kwa makini naliona kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za mikono na akili za wanadamu, kwa sababu ndani yake fundi hukubali kwamba michoro yake mwenyewe haitoshi, na huiuliza meli.

Ili kuona kinachotafutwa, tuanze na nguvu mbili. Uzito huivuta meli chini, na maji huisukuma juu. Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba msukumo wa maji ni sawasawa na uzito wa maji yaliyopisha. Ndiyo maana chuma huelea: tani elfu moja za chuma, zikiundwa ziwe na tumbo la kutosha kupisha tani elfu moja za maji kabla maji hayajafika ukingoni, hazina sababu ya kuzama. Hilo tulifundishwa wengi shuleni. Jambo ambalo halikufundishwa sana ni kwamba Archimedes hakuishia hapo. Katika kazi yake juu ya vitu vinavyoelea alichukua umbo moja lililopinda, akaliinamisha kwa mawazo, akauliza ni lini litasimama tena na ni lini litaanguka. Alikwisha kutambua kwamba kuelea ni jambo moja, na kuelea wima ni jingine.

Siri iko katika vitovu viwili. Cha kwanza ni kitovu cha uzito, mahali ambapo uzito wote wa meli, kuanzia mkuku hadi ncha ya mlingoti, hufanya kazi kana kwamba umekusanyika. Cha pili ni kitovu cha kuelea, yaani katikati ya ile sehemu ya meli iliyo ndani ya maji. Meli ikiwa wima, vitovu hivi hukaa kwenye mstari mmoja, na nguvu mbili husawazishana. Wimbi likiinamisha meli upande wa kulia, sehemu kubwa zaidi ya ubavu wa kulia huingia majini na ya kushoto hutoka. Kitovu cha kuelea huhamia kulia. Sasa maji yanasukuma juu kutoka upande mmoja na uzito unavuta chini kutoka mwingine, na nguvu hizo mbili kwa pamoja huirudisha meli wima. Hakuna nahodha aliyetoa amri wala injini iliyowashwa. Umbo la meli lenyewe ndilo lililofanya kazi hiyo.

Ukichora mstari wa wima kutoka kitovu kipya cha kuelea, utakata mstari wa katikati ya meli mahali fulani. Mahali hapo huitwa metasenta. Aliyeieleza na kuipa jina hilo ni Mfaransa Pierre Bouguer, katika kitabu chake juu ya meli kilichotoka mwaka 1746. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa mbali na gati lolote, juu ya milima ya Andes, alikokwenda na wenzake kupima umbo la dunia. Miaka mitatu baadaye Leonhard Euler alichapisha matokeo yanayofanana, aliyoyafikia kwa njia yake mwenyewe. Kanuni waliyotuachia ni fupi. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, meli hurudi. Kitovu cha uzito kikipanda juu ya metasenta, nguvu zilezile zilizokuwa zikiirudisha huanza kuipindua.

Kwa hiyo usalama wote wa meli katika mawimbi ya kawaida umo katika umbali kati ya nukta mbili zisizoonekana. Wahandisi huuita GM. Katika meli kubwa inayobeba mamia ya watu, umbali huo huweza kuwa mfupi kuliko mguu wa mtoto.

Nukta ya juu haina tabu. Metasenta hutegemea umbo la meli lililo chini ya maji na upana wake pale maji yanapoishia, na mambo hayo mawili yamo katika michoro. Mhandisi huikokotoa ofisini na kuipata kwa usahihi mkubwa. Kitovu cha uzito ndicho kinachojificha. Kukijua kwa hesabu peke yake kungemlazimu mtu ajue uzito na mahali pa kila bamba, kila bomba, kila waya, kila mlango na kila mkono wa rangi. Bamba lililoagizwa la milimita 8 huja likiwa limezidi kidogo. Mchomeleaji huongeza chuma kwenye kila kiungo. Mwenye meli huomba kibanda kimoja zaidi juu. Kila nyongeza ni ndogo na ina sababu yake, na nyingi hutua juu, kwa kuwa huko ndiko nafasi inakobaki.

Kabla ya Bouguer wajenzi waliyahisi haya bila kuwa na kipimo. Mwaka 1628 Sweden ilikuwa inakamilisha Vasa, meli ya vita yenye mizinga 64 iliyopangwa katika safu mbili. Kabla haijaondoka, mabaharia 30 waliamriwa kukimbia pamoja kutoka ubavu mmoja wa sitaha hadi mwingine, mbele ya Admirali Klas Fleming. Baada ya mara tatu jaribio lilisitishwa, kwa hofu kwamba meli ingepindukia papo hapo gatini. Ikaondoka hata hivyo. Tarehe 10 Agosti, katika bandari ya Stockholm, watu wakiwa wamejaa ufukweni, upepo uliipiga mara moja ikainama na kurudi, ukaipiga tena ikalala. Maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya chini. Ilikuwa imekwenda kama mita 1,300. Iliinuliwa kutoka chini ya maji mwaka 1961, na leo imesimama katika jumba la makumbusho, nzuri mno, huku tumbo lake likionyesha wazi jinsi lilivyokuwa jembamba kwa mzigo wa mbao na shaba uliopakiwa juu yake.

Wale mabaharia 30 waliiuliza meli swali sahihi, na meli ikajibu. Waliokuwa pale hawakuwa na namna ya kuligeuza jibu lile kuwa namba ambayo mtu angeweza kuiweka mezani mbele ya mfalme mwenye haraka. Jaribio la kuinamisha ndilo lililokuja kulipa jibu hilo namba.

Turudi sasa gatini na kulitazama polepole, maana ufundi wake uko katika maandalizi. Kwanza huorodheshwa kila kitu kilichomo melini ambacho si chake, kama vile mitungi ya gesi ya wachomeleaji, ngazi za mafundi, mapipa ya rangi na takataka. Kila kimoja huandikwa uzito na mahali kilipo ili kije kutolewa katika hesabu. Vivyo hivyo huorodheshwa kila kitu ambacho bado hakijafungwa. Matangi huwa ama makavu ama yamejaa pomoni, kwa sababu nitakayoieleza. Ngama hukaushwa. Kipimo hutumbukizwa majini kujua uzito wa maji yenyewe, kwani lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama kilo 1.025, na ya ziwa ni kilo moja tu, na hesabu nzima husimama juu ya maji hayo. Kisha mtu huzunguka na mashua kusoma kina ambacho meli imezama, kwenye omo, kwenye tezi na katikati, pande zote mbili. Katikati haiachwi, kwa sababu meli ndefu hupinda kidogo mgongoni, na kupinda huko kukisahauliwa huharibu uzito wote uliokokotolewa.

Timazi huwa mbili au tatu, zikitundikwa mbalimbali ili ziwe mashahidi wa zenzake. Uzi huwa mrefu kadiri meli inavyoruhusu, wakati mwingine ukipitishwa kwenye tundu la sitaha hadi shimoni, kwa kuwa uzi mrefu huukuza mwinamo mdogo. Risasi ya timazi hutumbukizwa ndani ya ndoo ya mafuta au maji ili isibembee ovyo. Karibu na uzi huwekwa ubao uliolala, na juu yake msomaji huchora alama.

Ndipo mizigo huanza kuhamishwa. Mmoja huenda kulia. Wote husubiri. Meli hutulia, timazi hutulia, wasomaji huchora na kutaja namba. Mzigo wa pili huenda kulia, na subira nyingine. Kisha hurudishwa katikati, kisha huanza safari za kushoto. Kwa kawaida miondoko huwa minane, na mwinamo haupiti nyuzi 4. Kazi ya asubuhi nzima ni vitu vizito kusogezwa mita chache na watu kukaa kimya wakitazama uzi.

Hesabu yenyewe inaweza kuandikwa kwenye kiganja. Tuseme meli ina tani 1,000. Mzigo wa tani 5 umesogezwa mita 8, na timazi yenye uzi wa mita 3 imesogea sentimita 15. Zidisha 5 kwa 8, upate 40. Gawanya sentimita 15 kwa 300, upate 0.05. Zidisha 0.05 kwa tani 1,000, upate 50. Gawanya 40 kwa 50, na jibu ni 0.8. Metasenta iko sentimita 80 juu ya kitovu cha uzito. Kwa kuwa michoro imeshatuambia metasenta iko wapi, sasa tunajua na kitovu cha uzito kiko wapi, ingawa hakuna aliyekiona wala atakayekiona.

Kinachonivuta zaidi ni karatasi ya mwisho. Miondoko minane huwekwa kwenye grafu, uzito uliosogezwa na umbali wake upande mmoja, msogeo wa timazi upande wa pili. Kazi ikifanywa kwa unyofu, nukta zote hukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nukta moja ikitoka nje, kuna kitu kimedanganya. Pengine kamba ya gatini ilikaza bila mtu kuona. Pengine upepo ulivuma katikati ya kusoma, au tangi lililodhaniwa kavu lina maji, au mtu alichoka kusimama akahama upande. Fundi mzuri haifuti nukta hiyo. Huitafuta sababu, akarudia. Ni ufundi uliojijengea ndani yake njia ya kujikamata ukikosea.

Ukishaipata GM, si kwamba kubwa ndiyo bora. Meli yenye upana wa mita 12 na GM ya sentimita 80 itakwenda mrama, kutoka upande hadi upande na kurudi, kwa kama sekunde 11. Ipe GM ya mita 2, na itarudi kwa chini ya sekunde 7, kwa mtupo unaovunja sahani, kukata kamba za mizigo na kuwaangusha wazee kwenye ngazi. Ipe sentimita 20, na itachukua zaidi ya sekunde 20, ikilala kwa utulivu unaompendeza abiria na kumtia hofu baharia. Abiria husifu meli inayoyumba taratibu. Afisa mzoefu huhesabu sekunde, na zikianza kurefuka huuliza ni nini kimehama, au ni nini kimelowa.

Manahodha wa mwambao wetu walizijua sekunde hizo kwa miili yao. Jahazi lililoshusha shehena halikuachwa litoke jepesi; lilitiwa farumi, mawe au mchanga, chini kabisa ya ngama, ili kitovu cha uzito kishuke kabla tanga halijapandishwa. Vitu vizito vilitangulia chini, vyepesi vikafuata juu. Na kufua maji ya ngamani kulikuwa kazi isiyolala, usiku na mchana. Waliosafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi hawakuhitaji neno metasenta ili kuitii.

Ila GM husema juu ya miinamo midogo tu, na ufundi huu ulilipa gharama kubwa kujifunza hilo. Mwaka 1870 Uingereza ilikuwa na meli mpya ya vita iliyoitwa Captain, iliyobuniwa na ofisa wa jeshi la majini Cowper Coles. Ilikuwa na mizinga kwenye minara inayozunguka, milingoti mirefu yenye matanga kamili, na ubavu mfupi juu ya maji. Ilikusudiwa ubavu huo uwe futi 8, lakini meli ilitoka nzito kuliko michoro, na zikabaki futi 6 na nusu, kama mita 2 hivi. Kwa miinamo midogo haikuwa dhaifu kuliko Monarch, meli nyingine ya kundi lake. Tofauti ilikuwa mbele ya safari. Meli ikiinama mpaka ukingo wa sitaha kuzama, upana wake majini hupungua badala ya kuongezeka, na nguvu ya kuirudisha huanza kufifia. Kwa Captain nguvu hiyo ilifika kilele kwenye nyuzi 21 na kwisha kabisa kwenye nyuzi 54. Monarch, yenye ubavu mrefu, iliendelea kujitetea hadi karibu nyuzi 70.

Captain ilikuwa imefanyiwa jaribio la kuinamisha mwishoni mwa Julai. Hesabu zilikamilika Agosti, meli ikiwa tayari baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba, karibu na rasi ya Finisterre, dhoruba iliilaza ikapinduka. Walikufa watu wapatao 480, Coles mwenyewe akiwemo. Monarch iliupita usiku uleule. Tangu hapo wahandisi hawakuridhika na namba moja; walianza kuchora nguvu ya kurudi katika kila mwinamo hadi ule wa mwisho. Kitovu cha uzito kinachoingia katika michoro hiyo ni kilekile kinachotoka kwenye timazi.

Sasa ile sababu ya matangi kuwa makavu au kujaa. Aliyebeba sinia lenye maji anaijua: ukiliinamisha kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioshuka na kulivuta zaidi. Melini ni hivyohivyo, na ubaya wake hukua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua meli yetu ya tani 1,000. Maji yakitanda kwenye sehemu ya sitaha yenye urefu wa mita 10 na upana wote wa mita 12, huondoa zaidi ya mita moja ya GM. Sisi tulikuwa na sentimita 80 tu. Lakini simamisha ukuta mmoja katikati, kutoka omo kuelekea tezi, na hasara hiyo hushuka hadi robo. Ukuta mmoja wa chuma, uliowekwa mahali pake na mtu aliyefikiri, hutenganisha meli iliyolowa na meli iliyopinduka.

Hapa ndipo fizikia hii huwa kazi ya dakika kwa dakika, hasa kwa wanamaji wa kivita, ambao maji huwaingilia kupitia matundu ya makombora na kupitia mipira yao wenyewe ya kuzimia moto. Februari 1942, meli kubwa ya Kifaransa Normandie ilikuwa New York ikigeuzwa kuwa meli ya kubeba askari. Cheche za mchomeleaji zikashika moto. Mashua za zimamoto zilimwaga maji mengi kwenye sitaha za juu, moto ukadhibitiwa, na meli ikaanza kulala. Mhandisi aliyeibuni, Vladimir Yourkevitch, alifika na kushauri milango ya maji ya chini ifunguliwe ili meli ijae kuanzia tumboni na kukaa kwenye sakafu ya bandari iliyokuwa karibu chini yake. Ushauri wake haukufuatwa. Usiku huo Normandie ililala kabisa kando ya gati. Mtu mmoja alitaka kuiokoa meli inayoelemewa na maji kwa kuiongezea maji, na fizikia ilikuwa upande wake, kwani maji ya juu na maji ya chini si kitu kimoja.

Maarifa ya aina hii ndiyo anayofundishwa afisa anayelinda meli iliyoumia. Meli ikilala upande, mtu yeyote angefikiri kujaza tangi la upande wa pili. Afisa huyu huuliza kwanza: imelala kwa sababu uzito umezidi upande mmoja, au kwa sababu kitovu cha uzito kimepanda juu ya metasenta na meli imepoteza msimamo wake? Kama ni la pili, tangi la upande wa juu likijazwa, meli huinuka, hupita wima, kisha huanguka kwa kishindo upande wa pili, na huenda isisimame tena. Dawa yake ni kushusha mizigo, kukausha au kujaza pomoni matangi yaliyojaa nusu, na ikibidi kuongeza maji chini kabisa, akianza na tangi la upande ule ule uliolala. Kufanya hivyo sakafu ikiwa imeinama, taa zimezimika na watu wanapiga kelele, kunahitaji mtu aliyeielewa kanuni mpaka ikawa sehemu ya silika yake. Nawaheshimu sana watu hao.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka kila meli ya abiria inayohusika nao ifanyiwe jaribio la kuinamisha inapokamilika. Isipite miaka mitano bila uzito wake mtupu kuhakikiwa, na ukionekana umebadilika kwa zaidi ya asilimia 2, jaribio lirudiwe. Kanuni za uthabiti zinataka GM isipungue sentimita 15 hata kidogo. Zinataka pia mhandisi awahesabu abiria wakiwa wamesongamana ubavu mmoja, kila mtu kilo 75, na meli isiiname kupita nyuzi 10. Nyuma ya kila namba kuna watu waliokufa kabla haijaandikwa.

Sisi tunazo kumbukumbu zetu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ziwani ikikaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na zaidi ya 220 wakafa. Katika ziwa letu, kama katika bandari ya Stockholm, uzito wa watu waliosimama juu hukipandisha kitovu cha uzito, na watu hao hao wakihamia upande mmoja huwa ndio mzigo wa kuinamisha. Tofauti ni kwamba hakuna aliyepanga jaribio hilo, na kamba ya kulisimamisha haipo.

Kwa hiyo ufundi huu haumalizwi na yule mhandisi mwenye timazi. Asubuhi yake ya kimya huzaa kitabu cha uthabiti kinachokaa kwenye chumba cha nahodha, kikieleza mizigo gani iwekwe wapi, matangi yapi yajazwe, na abiria wasizidi wangapi. Karani anayehesabu watu kwenye ngazi na kusema "inatosha" anatumia namba iliyopatikana kwa uzi na ndoo ya mafuta. Nahodha anayekataa kuondoka na magunia kwenye sitaha ya juu anailinda sentimita ile ile iliyosomwa mara nane. Nasi abiria, tunapomkasirikia mtu anayetuzuia kupanda, tunagombana na fundi stadi katika hatua ya mwisho ya kazi yake. Meli ilikwisha kuulizwa, nayo ikajibu kwa namba. Sehemu yetu katika ufundi huu ni kuiheshimu namba hiyo kila siku meli inapong'oa nanga.